Alamu tisa kwenye simu, na dawa bado nasahau

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 47. Tangu mwaka jana natumia dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi. Kuna siku nasahau kabisa, na kuna siku sikumbuki kama nimeshakunywa. Nadhani imewahi kutokea nikanywa mara mbili. Nimeweka alamu tisa kwenye simu: dawa, marejesho ya kikoba (mimi ndiye mweka hazina), luku, kumpigia mama, unga mashineni na mengineyo. Zinalia, nazizima, jioni nakuta sijafanya. Nikiwa kwenye daladala naanza kujiuliza kama nilichomoa pasi. Daftari pia ninalo, ila mume wangu ananitania kwamba kuandika kila kitu kunalaza akili. Bibi yangu alifariki akiwa hatutambui. Je, ndiyo imeanza? Na hivi vikumbusho vinanisaidia au vinanimaliza?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na bibi, maana nahisi ndiye aliyekufanya uandike. Kwa barua siwezi kumpima mtu, lakini mambo yote uliyoyataja ni ya aina moja. Unajua dawa ni ya nini, unajua tarehe ya marejesho, unajua kununua luku. Kinachokuponyoka ni kulitenda jambo unalolijua, kwa wakati wake, huku mikono yako imeshika mambo mengine. Hiyo ni kumbukumbu ya mambo ya kufanya, na kila siku inawaponyoka watu wazima wenye afya zao, hasa wenye darasa, kikoba na mama wa kumjulia hali. Kinachotutia sisi wasiwasi ni kingine: mtu kupotea njia aliyoizoea, kushindwa kutuma pesa kwa simu wakati amefanya hivyo kwa miaka, au kuuliza swali lile lile baada ya dakika chache bila kujua kwamba ameshajibiwa. Na mara nyingi ndugu ndio wanaoliona kwanza, mwenyewe anasema hana shida. Wewe unajiona na unajieleza kwa mpangilio. Kuna vipimo ningependa ufanye hata hivyo, nitavitaja chini.

Sasa alamu zako. Hebu niikisie asubuhi yako, unirekebishe nikikosea. Saa kumi na mbili na nusu simu inalia juu ya kabati la vyombo. Mkono mmoja umeshika sufuria ya chai, mwingine unatafuta soksi ya mtoto. Kidonge kiko chumbani, kwenye droo. Ukikifuata sasa hivi chai itafurika, kwa hiyo unazima simu na kujisemea "nikimaliza hapa". Ukimaliza hapo, hakuna tena kinacholia. Kikumbusho kilikukuta huwezi kutenda, kikakukuta mbali na dawa, kikaondoka bila kuacha alama yoyote. Rudia hivyo kwa wiki kadhaa na mlio ule hauna habari tena na dawa, unakwambia tu "zima". Kidole kinautii kabla hujawaza.

Hili limepimwa, tena karibu na sisi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, kwa watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa za kufubaza VVU karibuni. Walipewa simu, na vifuniko vya chupa zao za dawa vilirekodi kila vilipofunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa "unakunywa?" na kujibu kwa kutaka kumfurahisha nesi. Wapo waliotumiwa ujumbe wa kukumbushwa kila siku, wapo waliotumiwa mara moja kwa wiki, na wapo ambao hawakutumiwa kitu. Baada ya wiki 48, asilimia 53 ya waliopata ujumbe wa kila wiki walikuwa wamefikia kiwango cha kunywa dawa kwa asilimia 90 au zaidi, wakati wasiotumiwa kitu walikuwa asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku? Hawakuwazidi wasiokumbushwa kabisa. Na kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo hakukuongeza kitu. Mimi naisoma hivi: sauti inayokuja kila siku kwa namna ile ile tunaizoea, na tukishaizoea hatuisikii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufuta. Katika zile tisa bakiza mbili au tatu, zile ambazo kweli zinashikiliwa na saa na hazina kitu kingine cha kuzikumbusha: kumpigia mama Jumapili, na siku ya kufunga hesabu za kikoba. Zipe maneno. "Alamu 4" haisemi kitu. "Mpigie mama, muulize kuhusu goti" inasema. Ziweke saa ambayo kwa kawaida umekaa, mikono mitupu. Na ukiwa hapo hapo kwenye mpangilio, hamisha simu itumie mfumo wa saa 24. Nimekutana na wengi ambao kikumbusho cha saa mbili usiku walikiandika 8:00 bila kuangalia AM wala PM, kikawa kinalia asubuhi wako kazini, wakakizima wakidhani simu ina wazimu.

Dawa ya presha usiiachie alamu. Tangu mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gilles Einstein na Mark McDaniel, wamekuwa wakitenganisha mambo tunayopaswa kuyafanya saa fulani na mambo tunayopaswa kuyafanya tukio fulani linapotokea. Ya saa ni magumu zaidi, hasa umri unaposogea, kwa sababu saa inakutaka wewe uikumbuke na kuiangalia. Tukio linakuja lenyewe. Wazee wa pwani wamekuwa wakipanga siku kwa adhana bila kuhitaji nadharia hii: deni linalipwa baada ya alasiri, mgonjwa anakunywa dawa baada ya alfajiri na baada ya magharibi. Kwa sisi tulio karibu na ikweta mpango huo unafaa, maana nyakati hizo hazihami sana mwaka mzima. (Mpwa wako aliyeko London asiuige: huko magharibi ya Desemba huingia mchana wa saa kumi hivi, na ya Juni hupita saa tatu usiku.)

Wewe una matukio mengi mazuri. Una chai ya asubuhi, ambayo nina hakika hujawahi kuisahau, na una kengele ya shule. Kidonge kiwe cha chai. Kiondoe chumbani, kikae kwenye rafu ile ile ya vikombe, juu, watoto wasikofika, mbali na mvuke wa jiko. Usimimine chai yako kabla hujakishika. Halafu nenda duka la dawa ukatafute kasha dogo lenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Jumapili jioni unajaza vidonge saba. Kama dawa yako inatakiwa ibaki kwenye karatasi yake, chukua kalamu uandike siku nyuma ya kila kidonge: J3, J4, J5. Kasha hilo linafanya kazi ambayo hakuna alamu inayoiweza: linakujibu saa nne asubuhi ukijiuliza kama ulikunywa. Chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, umekunywa. Watu wengi wanatafuta kitu cha kuwakumbusha kabla ya tendo na kusahau kwamba wanahitaji pia alama baada ya tendo, na kwa dawa alama hiyo ndiyo inayokuzuia kunywa mara mbili. Hadi utakapolipata, ukiwa na shaka usiongeze kidonge kwa kubahatisha. Muulize mfamasia wako kanuni ya dawa yako ni ipi siku ukiwa huna uhakika, maana dawa zinatofautiana.

Kuna hatua moja ndogo ambayo watu huidharau kwa kuwa inaonekana ya kitoto: ukishaamua mpango, useme kwa maneno kamili, kwa sauti. "Nikishika kikombe changu asubuhi, nafungua kasha la dawa kwanza." Mjerumani Peter Gollwitzer aliuandikia mtindo huu mwaka 1999 na umejaribiwa sana tangu hapo. Mwaka 2004 Linda Liu na Denise Park walichapisha jaribio lao kwa wazee waliofundishwa kupima sukari ya damu nyumbani. Wale waliopiga picha akilini mapema watakuwa wapi na watakuwa wanafanya nini wakati wa kupima, ndio waliopima mara nyingi zaidi. Kukusudia peke yake hakutoshi. Wote walikusudia.

Hayo mengine ya shuleni yafunge kwenye kengele. "Kengele ya mapumziko ikilia, narekodi marejesho yaliyoingia kabla sijashika andazi." Jambo moja tu kwa kengele moja. Ukiifungia kengele mambo manne, hutakumbuka hata moja.

Unga mashineni ni suala la njia. Hapo kikumbusho hakitakiwi kukaa nyumbani wala kwenye simu, kinatakiwa kikukute unapotoka getini. Todd Rogers na Katherine Milkman wa Marekani walichapisha mwaka 2016 jaribio lao la kwenye mgahawa wa kahawa. Waliwapa wateja vipeperushi vya punguzo la bei vya kutumia siku fulani. Baadhi yao waliambiwa kwamba siku hiyo kutakuwa na mdoli wa kiumbe wa sayari nyingine karibu na pa kulipia, uwakumbushe. Mdoli ulikuwepo siku hiyo kwa wote, ila waliotangulia kuambiwa walitumia punguzo kwa asilimia 24, na wasioambiwa asilimia 17. Kitu kigeni, mahali pa kitendo, na wewe mwenyewe umeshakubaliana nacho kabla. Tumia mwiko. Asubuhi ya siku ya unga, chomeka mwiko kwenye mkoba wako wa shule, mpini ukitokeza nje. Mwalimu mwenye mwiko kwenye mkoba hawezi kufika nyumbani bila kujiuliza unafanya nini pale. Wenzako ofisini watacheka na kukuuliza, na kila ukiwajibu unajikumbusha tena. Lakini ukishachukua unga, mwiko urudi jikoni siku hiyo hiyo. Ukikaa kwenye mkoba wiki nzima utageuka sehemu ya mkoba.

Luku sina mengi. Unainunua kwa simu, kwa hiyo unaweza kuinunua ukiwa popote, na jambo linaloweza kufanyika popote mara nyingi halifanyiki. Nunua siku ya mshahara, kabla hujamtumia mtu yeyote kitu, kiasi cha mwezi. Kikumbusho kizuri kuliko vyote ni kuliondoa jambo kwenye orodha. Mashine nyingi za benki zimepangwa hivyo: zinakurudishia kadi kwanza ndipo zinatoa pesa, kwa sababu zilipokuwa zikitoa pesa kwanza watu walichukua pesa wakaondoka na kuacha kadi. Hakuna aliyebandika tangazo "kumbuka kadi yako" na kumaliza tatizo. Walibadilisha mpangilio. Angalia nyumbani kwako ni wapi unaweza kubadilisha mpangilio badala ya kujikumbusha.

Pasi ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayowatesa wengi kimya kimya. Hujasahau kuichomoa. Karibu kila mara unakuwa umeichomoa, ila umeichomoa kwa mazoea, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, na tendo la mazoea haliachi picha. Ukijaribu kulikumbuka unapata asubuhi mia zilizofanana, na hujui ya leo ni ipi. Dawa yake ni kuipa ya leo sura yake. Madereva wa treni wa Japani hunyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kuitamka hali yake kwa sauti kabla ya kuendelea, ingawa wanaiona vizuri na wako peke yao. Fanya hivyo. Shika waya mkononi, sema: "Pasi nimechomoa, Alhamisi, gauni la kijani." Hiyo siku na hilo gauni ndivyo vitakavyokuja kwenye daladala ukijiuliza. Watoto watakuigiza, wewe endelea.

Ila kagua mara moja tu. Mwaka 2003 Marcel van den Hout na Merel Kindt, watafiti wa Uholanzi, waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta walikague tena na tena. Usahihi wa kumbukumbu zao haukuharibika, lakini imani yao juu ya kumbukumbu hizo iliporomoka. Kurudi kutoka getini kuangalia pasi kunaongeza shaka ya kesho. Na kama kuna siku unarudi mara tano, au unachelewa kazini kwa ajili ya kukagua, hilo si la kumbukumbu tena, ni la wasiwasi, nalo lina matibabu yake. Usilione aibu kulisema.

Nimewaacha watu. Kumwomba mtu "nikumbushe" ni kikumbusho cha zamani kuliko daftari, na tatizo lake unalijua: naye anasahau, au anakumbusha kwa sauti ambayo inazua ugomvi. Kuna namna bora zaidi, na mfano wake mzuri ulitoka Kenya. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu, za Nairobi na Kajiado, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Basi. Halikutajwa neno dawa wala ugonjwa, na hata mtoto akiishika simu asingejua chochote. Mgonjwa alitakiwa ndani ya saa 48 ajibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na nesi. Mwisho wa mwaka, walioripoti kwamba wanafuata dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwenye kundi hilo, na asilimia 50 kwa wengine. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48. Ujumbe huo haukumkumbusha mtu kidonge hata kimoja. Ulimuuliza hali, ukasubiri jibu, na nyuma yake palikuwa na mtu.

Kwa hiyo mume wako mpe kazi, atapunguza utani. Asikuulize "umekunywa dawa?", kwa sababu hilo utalijibu "ndiyo" ukiwa bado unapiga pasi. Akuulize "chumba cha leo kina kitu?" Ili umjibu inabidi uangalie. Na kwenye kikoba, wewe kama mweka hazina, badala ya kurusha tangazo la marejesho kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila mtu anadhani linamhusu mwingine, mtumie kila mwanachama ujumbe wake mmoja unaodai jibu: "Ijumaa iko sawa au kuna shida?" Utagundua wenye shida mapema, jambo ambalo kwa mweka hazina ni zaidi ya kukumbusha.

Tuje kwenye utani wa mumeo kwamba kuandika kunalaza akili. Mwambie yafuatayo kwa upole. Mwaka 1980 mtafiti John Harris wa Cambridge, Uingereza, aliwahoji wanafunzi wa chuo na akina mama wa nyumbani kuhusu wanavyokumbuka shughuli zao. Makundi yote mawili yalitegemea vitu vile vile: orodha ya manunuzi, kalenda, kuandika mkononi, kumwomba mtu. Zile mbinu za kukariri kichwani ambazo vitabu vinazisifia zilitumika kwa nadra sana. Mwaka 2015 Benjamin Storm na Sean Stone wakaonyesha jambo linalonifurahisha hadi leo: watu waliohifadhi faili moja kwenye kompyuta kabla ya kusoma jingine walilikumbuka hilo la pili vizuri zaidi, kana kwamba akili ilipumua. Faida hiyo ilipotea pale walipojua kwamba kompyuta yenyewe si ya kuaminika. Hapo kuna onyo kwako: daftari moja. Ukiwa na daftari, karatasi kwenye mkoba, picha za ubaoni kwenye simu na ujumbe uliojitumia mwenyewe WhatsApp, hakuna hata kimoja utakachokiamini, na akili itaendelea kuvibeba vyote.

Kama hilo halijamtosha, mpeleke Ifakara, mkoani kwenu hapo hapo. Mwaka 2007 na 2008 hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa nane duniani, pamoja na za Toronto, London, Manila na kwingineko, zilizoujaribu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa usalama wa upasuaji: karatasi ya hoja 19, zinazosomwa kwa sauti mbele ya timu nzima. Huyu ndiye mgonjwa tunayemtaka? Upande ni huu? Vitambaa vimehesabiwa? Madaktari wanajua yote hayo kwa moyo. Hata hivyo, kwenye hospitali hizo nane kwa ujumla, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Anayesoma kutoka kwenye karatasi chumba cha upasuaji hajalaza akili.

Ana haki kwenye jambo moja dogo. Tunachokiachia simu chote, kichwani hakibaki, na simu huibiwa. Namba ya mumeo na ya mtu mwingine mmoja zijue kwa moyo.

Daftari lako lina kasoro nyingine, nayo ni kwamba linahifadhi bila kushtua. Limejaa, limefungwa, liko kwenye mkoba. Lipe saa ya kufunguliwa, na saa nzuri kuliko zote ni usiku kabla ya kulala, dakika tano, uandike ya kesho. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walilala na swali hili mwaka 2018, kwenye maabara ya usingizi: vijana walioandika mambo yaliyokuwa yanawasubiri walipata usingizi wastani wa dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri walivyoyataja moja moja ndivyo walivyolala haraka. Usiandike "kikoba". Andika "kumpigia katibu, kumwomba risiti ya Machi". Wewe una shida ya kukumbuka na nadhani una shida ya usingizi pia, ingawa hukuitaja. Wanawake wa umri wako wengi wanayo.

Na hapo ndipo ninapotaka upimwe. Miaka inayozunguka ukomo wa hedhi huleta usahaulifu na usingizi wa vipande, na kwa wengi hupungua baadaye. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona na uchovu wa muda mrefu, vyote huvuruga kumbukumbu na vyote vina tiba. Zipo pia dawa za mafua na aleji, zile za kuleta usingizi zinazouzwa dukani bila cheti, ambazo mtu akizizoea humfanya mzito wa kukumbuka. Presha yenyewe isipodhibitiwa kwa miaka ni adui wa ubongo, ndiyo maana kile kidonge cha asubuhi kina uzito kuliko alamu zingine zote nane. Ikitokea ghafla, ndani ya saa au siku, mtu amechanganyikiwa, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, hapo hakuna cha kusubiri kliniki, ni hospitali mara moja.

Siku ya kliniki mweleze daktari wazi kwamba umewahi kuruka dozi na umewahi kurudia. Asipojua, akikuta presha iko juu ataongeza dawa, wakati uliyonayo hujaimaliza. Mweleze na habari za bibi, alianza akiwa na miaka mingapi. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba, uzimwage mezani kwake. Na ili usizisahau, usiku wa kuamkia kliniki ziweke kwenye mfuko, mfuko uuweke ndani ya kiatu utakachovaa.